Fundi Lusweti na Koti Lililopika Maharagwe

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Fundi Cleophas Lusweti anaweka mkasi chini baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Kazi za Mikono kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa na nywele, anatoka bila. Aliingia na cherehani ya kuazima, anatoka akiwa na wanafunzi katika kila soko kutoka hapa Kakamega mjini mpaka Malava, na ukiteremka mpaka Mayoni utawakuta pia.

Kamati imenipa mimi mpishi kazi ya kumweleza kwa sababu jiko langu na chumba chake vimetenganishwa na mabati tu, na hakuna jambo lake lisilonifikia. Shule sikwenda. Maneno ni yangu, kalamu ni ya Natasha wa ofisini, na nimemwonya asiyatie sukari.

Kwa wageni ambao hawajui mtu huyu hufanya nini: Fundi Lusweti hutengeneza vitu vya nyumbani kutokana na vile ambavyo nyumba imeshavitupa. Shuka likichakaa katikati, anatoa nepi za pembeni, maana pembeni huwa hapalaliwi sana. Suruali ya jinzi ikipasuka magoti, miguu yake inakuwa vishikio vya sufuria. Zile fulana tunazopewanga wakati wa kampeni anazikata utepe, anausuka, anatoa zulia la kukanyagia mlangoni mwa bafu. Mimi kwa zulia la Fundi nimepangusia miguu wagombea wa vyama vyote, bila ubaguzi.

Mwaka ule wa 2017 serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, watu walikuwa wanatembea sokoni wamekumbatia vitunguu kama watoto. Fundi akakusanya miavuli iliyovunjika mbavu, akavua kitambaa chake, akashona mifuko. Mfuko wa mwavuli hauvuji. Unabeba samaki na mvua inanyesha, na maji ya samaki hayatoki wala ya mvua hayaingii. Ubaya ulikuwa mmoja. Kwa miezi kadhaa mtu hakuweza kuja hapa na mwavuli mzima akakaa kwa amani, kwa jinsi Fundi alivyokuwa akiuangalia.

Mwanzo wake haukuwa huo. Mwaka 1994 aliajiriwa kushona sare za shule. Haukupita muda mfadhili aliyekuwa akileta vitambaa akaacha kuleta, na meneja wa wakati huo akamwambia aende nyumbani mpaka aitwe. Fundi hakwenda. Siku ambayo meneja alikuwa safarini, aliteremsha mapazia ya ofisi yaliyokuwa yameliwa na jua, akashona aproni. Meneja aliporudi alikuta jua limekaa kwenye kiti chake. Alifoka mpaka tukasikia jikoni. Kisha akaziona aproni, akazigeuza, akaomba moja ampelekee mkewe. Tangu siku hiyo Fundi hakungoja kitambaa kipya tena maishani mwake.

Akina mama hawakumkubali upesi. Darasa la kwanza la nepi lilijaa, lakini walikuja kucheka. Mwanamume mzima, masharubu hivi, anafundisha kukunja nepi! Mmoja akamuuliza, "Fundi, wewe umewahi kumfunga mtoto, ama unatuletea ya kuambiwa?" Fundi akaingia jikoni kwangu bila hodi, akachukua kabichi, akalifunga nepi mbele yao, pini na yote. Wakapiga makofi. Ndipo mama mmoja wa nyuma akasimama, akamwekea Fundi mwanawe mikononi. "Kabichi haikojoi, baba. Shika huyu." Mtoto naye hakuwa na haya. Alimmalizia Fundi kila kitu kwenye suruali yake ya Jumapili. Fundi akamalizia kumfunga, akamrudisha akiwa msafi, akaendelea na somo akinuka vile vile. Kuanzia hapo akawa wao. Vijana wa bodaboda pale njiani walimwita Mama Lusweti kwa mwaka mzima, mpaka wake zao wenyewe walipoanza kuwatuma kwake kuchukua nepi.

Leo ni siku ya kumsifu, lakini sitadanganya. Ana makosa. Anaimba vibaya, na anapenda kuimba. Chumba chake kwa miaka yote kimenuka soksi. Na kwa uzi ni bahili kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Wengine wakitaka kuichambua nguo kuukuu huchukua mkasi, krap, krap, imekwisha. Yeye hukaa na wembe alioubana kwenye kijiti, anafumua mshono mmoja mmoja, na uzi unaotoka anauzungushia kwenye gunzi la mahindi. Magunzi yamepangwa dirishani kwake, jeusi, jeupe, la kahawia. Na kabla ya kufumua hupima. Anavuta uzi mmoja, anauwasha kwa kiberiti, ananusa. Ukinuka kama nywele zilizoungua, hiyo ni sufu. Ukijikunja kama plastiki, anautupa kwenye rundo lingine. Mara ngapi nimetoka mbio na mwiko nikidhani kuku wangu anaungua, kumbe ni Fundi anapima sweta!

Kitu kilichomjulisha kwa watu ni kikapu cha kuivishia. Ni kikapu cha kawaida cha kusuka, ila ndani kimevalishwa mto mnene wa sufu na matambara, na juu kina mto mwingine wa mviringo wa kufunikia. Unachemsha maharagwe motoni kwa muda mfupi, unafunika sufuria, unaiweka ndani ikiwa bado inatokota, unaifunika na mto, unaenda zako shambani. Maharagwe yanajimalizia yenyewe kwa joto lake. Kuni zinabaki, moshi hakuna, na hakuna mtu wa kukaa akichochea. Sharti ni moja: usichungulie. Ukifungua kidogo tu kuona yamefika wapi, joto limetoka, na utakula kitu kinachogonga meno.

Sasa nifike kwa lile la koti, maana naona mnalingoja, na Fundi mwenyewe ameanza kuangalia paa.

Ilikuwa mwaka 2018. Namalwa, mama wa upande wa Malava, alikuwa amemzika mumewe, Philip Khaemba. Sasa, kwetu mambo ya msiba hayaishii kaburini. Inakuja siku ukoo unakaa, vitu vya marehemu vinagawanywa, na koti la mzee linaenda kwa mtoto wa dada yake, yule tunayemwita omwiwa. Analivaa mbele ya watu, na hapo ndipo mzee anahesabiwa kuwa ameagwa vizuri. Koti lisipoonekana siku hiyo, hakuna anayeuliza limepotelea wapi. Wanauliza mke alikuwa na haraka gani ya kumtoa mumewe nyumbani. Mwanamke akishaulizwa hivyo mbele ya ukoo, hata shamba alilolima miaka yote anaanza kulilima kama mgeni.

Namalwa alijua mashemeji zake wana macho. Koti la Philip lilikuwa la sufu, la kahawia, zito, la kwenda nalo kanisani na kwenye baraza za chifu. Aliogopa litachukuliwa na mtu kabla ya siku yake. Basi akalikunja, akalisukumiza chini kabisa kwenye gunia la matambara nyuma ya mlango, mahali ambapo mwanamume hawezi kutia mkono. Alilificha vizuri, na hakumwambia mtu. Mkaza mwana wake, msichana mwenye bidii na roho safi, akasikia kanisani kwamba kituo chetu kinakusanya nguo kuukuu. Akajitwika gunia lile lile akatuletea, akarudi nyumbani akiwa na furaha.

Fundi akalimwaga sakafuni. Fulana, fulana, shuka, soksi, halafu koti. Akavuta uzi, akauwasha, akanusa. Nilimsikia akiimba. Hapa nitasema wazi alivyokosea, na anajua nitasema. Mtu mzima, mzaliwa wa huku, aliyezika wazee wake mwenyewe, anaona koti la sufu la mwanamume limekunjwa vizuri ndani ya matambara, na hajiulizi mwenyewe yuko wapi. Hakuuliza. Alikuwa na kikapu kikubwa cha kumalizia, kilichoagizwa na Musimbi wa Mayoni, anayewapikia wakata miwa, na sufu ilikuwa imemwishia. Alifumua koti, akalivalisha kikapu. Musimbi akaja, akakipenda, akaondoka nacho.

Jumanne Namalwa akatokea mlangoni. Siku ya kugawa ilikuwa Jumamosi. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimemteleza mpaka shingoni na hakuwa na habari nacho.

"Fundi, kwenye lile gunia kulikuwa na koti?"

"Lilikuwepo, mama. Koti zuri sana," Fundi akasema akitabasamu. "Limeshakuwa kikapu."

Namalwa akakaa chini, pale pale kwenye vipande vya nguo. "Uui, Fundi," akasema. "Umenipikia mume."

Nilimletea chai, hakuinywa. Alipotueleza yote, Fundi alivua kofia akaishika kama mtu aliye kaburini. Hatukuwa tumemaliza kuzungumza Mzee Philemon akaingia. Huyo ndiye kaka wa marehemu na ndiye mkubwa wa ukoo. Mkaza mwana alikuwa amelia, na akilia yule, kijiji kizima kinajua. Nyuma ya Mzee alikuja Chrispinus, omwiwa mwenyewe, kijana wa duka la dawa za mifugo, amekuja na gwanda la kazi. Mzee Philemon hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Jumamosi watu watakaa," akasema. "Koti likiwepo, tutakula, tutaenda nyumbani. Lisipokuwepo, mimi sina neno la kumtetea shemeji yangu. Hata nikitaka, sina."

Fundi akampigia Musimbi simu. Musimbi akajibu kwamba waje, lakini yeye ana watu wa kulisha.

Jumatano asubuhi tukakodi gari, Probox: Fundi, Namalwa, Mzee Philemon, Chrispinus, na mimi, kwa sababu Fundi alikataa kabisa kuachwa peke yake na ukoo huo njia nzima. Tulipofika Mayoni tulimkuta Musimbi anasonga obusuma, ugali wetu wa huku, jasho linamtiririka, na kikapu kimetulia kwenye kona, kimefunikwa kama mtoto anayelala.

"Mama," Mzee Philemon akaanza baada ya salamu, "tumekuja kuchukua koti la ndugu yangu."

"Karibuni sana, na poleni. Liko hapo." Musimbi akaonyesha kwa mwiko. "Ila limeshika maharagwe."

"Basi toa maharagwe."

"Niyatoe niyapeleke wapi, mzee? Hayajaiva. Nikifungua saa hii, wale watu wangu watakula mawe. Na wenyewe wanakujanga na panga mkononi. Utawaeleza wewe?"

Mzee akaangalia kikapu. Akaangalia miwa iliyozunguka boma pande zote, ambamo panga zilikuwa zinasikika. Akavuta kiti.

"Kwa hivyo anayepika hapo ni Philip?"

"Na anapika kuliko wengi walio hai," Musimbi akasema, akaendelea kusonga.

Basi tukangoja. Mimi nimeona vikao vingi vya ukoo, lakini sijaona kingine kama hicho, wazee na watu wazima wamekaa mbele ya kikapu, kofia magotini, kama waliokuja kumwona mgonjwa. Chrispinus akaingiwa na uchu wa kuona koti la mjomba wake limekuwaje. Akanyoosha mkono akainua pembe ya ule mto wa juu. Fundi akaruka, akampiga kibao cha mkono, pa! "Usichungulie!"

Mtu ameharibu koti la ukoo, yuko mbele ya mkubwa wa ukoo, na anampiga mpwa kibao kwa ajili ya maharagwe. Mzee Philemon alimtazama Fundi kwa muda mrefu, sikujua kitakachofuata. Ndipo nikasikia sauti kando yangu. Namalwa alikuwa amejiziba mdomo kwa leso na mabega yanatikisika. Mwanzoni nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, na alipoona nimemwona akacheka zaidi.

Wakata miwa walipokuja, Musimbi alifungua. Mvuke ukatoka, harufu ya maharagwe na kitunguu ikajaa jikoni, na wote tukapewa sahani. Mzee Philemon alisema hana njaa. Akala. Kisha akanyoosha sahani yake tena bila kutoa sababu.

Tulirudi na kikapu, na Fundi alifanya kazi Alhamisi na Ijumaa bila kuimba hata mara moja. Hapo ndipo ubahili wake ulipotusaidia. Kwa kuwa alikuwa amefumua badala ya kukata, mikono ya koti ilitoka mizima, ukosi ulitoka mzima, mifuko ilitoka mizima, na uzi wa kahawia ulikuwa bado kwenye gunzi lake dirishani. Namalwa hakukubali kukaa nyumbani. Siku ya kwanza alikaa mlangoni kama askari wa kulinda vipande visiibiwe tena. Kufikia mchana alikuwa anashika kitambaa. Ijumaa alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na mshono wa ndani ya mkono wa kushoto aliushona yeye mwenyewe. Aliniambia kwamba mkono huo ndio alioushika siku ya harusi yao, hawezi kumwachia mtu.

Mgongo ndio uliotushinda. Kwa ajili ya ule mto wa kufunikia, Fundi alikuwa amekata duara katikati ya mgongo, kubwa kama sahani. Duara lenyewe lilikuwepo, lakini kovu halifichiki. Alilirudisha, akalishona kwa mishono midogo midogo mpaka macho yakamtoka machozi, na bado ukilitandaza koti ulikuwa unaona mwezi umekaa mgongoni. Hatungeweza kulifua, sufu ingenywea. Tulilianika kwenye upepo. Harufu ya kitunguu haikutoka.

Jumamosi ikafika. Fundi alikwenda, ingawa hakuna aliyemlazimisha, nami nikamsindikiza. Watu walikuwa wengi, hema limejaa, na Namalwa amekaa kwenye mkeka mbele, peke yake, mikono juu ya mapaja. Vitu vikagawanywa, redio, viatu, jembe. Kisha Mzee Philemon akainua koti ili watu wote walione, akaligeuza, na mwezi ukatazama hadhira. Manung'uniko yakaanza nyuma yakaja mbele. Shangazi mmoja wa marehemu, ambaye masikio yamepungua lakini sauti iko, akauliza, "Hilo duara ni la nini? Philip alipigwa risasi na hatukuambiwa?"

Hapo Namalwa akasimama. Mwanamke hatakiwi kusimama wakati huo. Akasimama.

"Nililificha mimi," akasema. "Niliogopa litaondoka kabla ya leo. Likatoka bila mimi kujua, likafumuliwa, tukalirudisha. Liko lote hapo. Hakuna hata kipande kimoja kilichobaki nje."

Akabaki amesimama. Mzee Philemon hakusema kitu, maana si yeye wa kusema. Koti ni la omwiwa. Akilikataa, limekataliwa, na mama yule atakuwa amesimama mbele ya watu kwa kazi bure. Fundi karibu nami alikuwa amefumba macho kabisa.

Chrispinus akalichukua. Akatia mkono mmoja, akatia wa pili, akafunga vifungo vyote mpaka juu, jua lilivyokuwa kali. Akageuka watu waone mwezi. Kisha akainua mkono wa koti puani, akanusa, akanusa tena.

"Jamani," akasema, "mjomba wangu ananuka saa sita mchana."

Kwanza alicheka yule shangazi, ingawa sidhani alisikia. Halafu hema zima. Mzee Philemon mwenyewe alishika tumbo, na alipopata pumzi akasema maneno mawili tu ambayo Namalwa alikuwa akiyangoja tangu Jumanne. "Koti limefika." Namalwa akaketi kwake. Hakuna aliyemuuliza swali siku hiyo wala siku nyingine, na shamba lake analilima mpaka leo kama mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata nilifika asubuhi kuwasha moto nikamkuta Namalwa mlangoni mwa Fundi, amekuja na sindano yake. Hakusema amekuja kufanya nini na Fundi hakuuliza. Alisogeza kiti. Musimbi naye alishonewa kikapu kingine, na kila tukikutana analalamika kwamba hiki kipya hakipiki kama cha marehemu.

Tangu wakati huo chumba kile kina sheria. Nguo ya mwanamume haiguswi kabla ya kuuliza mwenyewe yuko wapi. Watu wa mjini wanatucheka, lakini imetuepusha na mengi. Mwezi wa nane mama mmoja alileta koti zuri, karibu jipya. Fundi akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Mama akajibu, "Yuko baa." Fundi akalikunja akamrudishia. "Peleka nyumbani, mama. Baridi ikimshika ataliuliza."

Sitahesabu wanafunzi wake, ofisi ina namba na zitasomwa. Mimi nitasema ninachokiona. Nikienda kuwaona wajukuu Malava, naingia nyumba baada ya nyumba, na mahali fulani kwenye kona nakuta kikapu kimefunikwa, hakuna moshi, hakuna mtu anayekohoa, na mama mwenye nyumba yuko shambani wakati chakula chake kinaiva. Kuna wasichana waliomaliza shule kwa sababu mama zao hawakuwaita tena warudi kuchochea moto. Hiyo ni kazi ya Fundi, hata kama wengi wao hawalijui jina lake.

Tunamshukuru mkewe, Mama Christine, aliyevumilia mwanamume anayeangalia kila nguo ya nyumba kama inayokaribia kufa. Tunawashukuru watoto wake, waliosoma wakiwa na mikoba ya miavuli na hawakuona haya. Na kuanzia Jumatatu ijayo chumba kitakuwa mikononi mwa Namalwa. Hakuna aliyepiga kura. Kamati ilipouliza nani atashika mkasi, wote tuliangalia upande mmoja, naye akasema sawa, lakini soksi zote zitoke.

Wiki iliyopita Fundi aliwaita watoto wake hapa, mbele ya sisi wafanyakazi wote, akawaambia jambo. Alisema siku yake ikifika, nguo zake zisigawanywe kwa mtu yeyote. Zije hapa kwenye gunia, moja kwa moja, Namalwa azifumue, ziende jikoni kwa watu. Watoto waliinamisha vichwa. Wengine walianza kutoa leso. Namalwa akageukia ukuta.

Mimi nilimjibu pale pale, na ninarudia leo mbele ya wageni ili pawe na mashahidi. Fundi Lusweti, mwanangu, ombi lako limesikika. Lakini Namalwa hapokei nguo nzima. Nenda nyumbani ukazivae. Vaa za kanisani ukiwa shambani, vaa za shambani mpaka zikatae, kaa juani, kalia mawe, wabebe wajukuu mgongoni wazivute kila upande. Usituletee kitu chochote mpaka kiwe kimechakaa kabisa, na mikono yako wewe mwenyewe ndiyo ikilete.

Asante kwa yote. Nenda salama, na uchelewe kurudi na hilo gunia.